Vishikio Vyenye Kiu

Kwa miaka yangu yote ya kazi niliamini, tena nikawafundisha wengine waamini, kwamba ule unga wa kahawia tuliokuwa tukiumbia vishikio vya milango ya draya ya chai ulikuwa kwato za ng'ombe zilizosagwa. Wala si ng'ombe wa popote tu. Walikuwa ng'ombe wa kule Chebunyo, waliokufa kwa kiu wakati wa ukame. Ndiyo maana, nilieleza kwa sauti ya mwalimu, kishikio kikishatoka kwenye kalibu hunywea. Ng'ombe amekufa, kwato zake zimesagwa zikawa unga, lakini kiu imebaki mle ndani. Kiu haisagiki.

Nyinyi vijana niliowaachia karakana mwezi uliopita mlinisikia nikisema hivyo zaidi ya mara elfu, na kwa heshima yenu hamkucheka mbele yangu. Sasa mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyoanza. Nitaandika, lakini msitafute humu habari za cheo wala mshahara. Cheo kilikuja polepole, na mshahara ulikuja polepole zaidi. Nitaandika juu ya vishikio.

Nilishuka kutoka milima ya Kisii nikiwa kijana mwenye misuli mikubwa hivi kwamba kondoo walinipisha njiani. Kiwanda cha chai kilikuwa bado kipya, miaka ya ishirini ikielekea ukingoni, na mabati yake yaling'aa ukiyaona kutoka mlima wa pili. Kazi niliyopewa ilikuwa kupasua kuni za boila, lile tanuri la mvuke. Boila lile lilikuwa na njaa kuliko ukoo mzima. Unapasua asubuhi, unapasua mchana, ukigeuka limekwisha kula, limefungua mdomo linakutazama. Nilipasua msitu ambao leo ungetosha kujengea Kericho nzima na kubakiza mbao za Kapkatet. Mgongo wangu uliniambia wazi kwamba yeye na mimi hatutafika uzeeni pamoja.

Kwa hiyo nikaingia shule ya jioni. Tulisomea katika kanisa dogo la udongo pale kwenye kambi ya wafanyakazi, baada ya kazi, tukinukia jasho na moshi. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole mwenye chaki moja ambayo nadhani aliirithi kwa baba yake. Nilijifunza kusoma, kuandika, kujumlisha, na mwisho kabisa desimali. Ndugu zangu, desimali zilinipanda kichwani kama pombe. Nilipogundua kwamba kati ya moja na mbili kuna vitu vingine visivyo na mwisho, sikulala vizuri wiki nzima. Nikaanza kupima kila kitu. Nilimwambia mama mkwe wangu mtarajiwa kwamba ugali wake ulikuwa umeinama upande mmoja. Harusi ikachelewa.

Siku nilipopewa cheti niliingia nacho kazini nikiwa nimekishika mbele kama bendera. Injinia wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyeitwa Bwana Sawasawa, kwa sababu kila sentensi yake ilianzia popote ilipotaka na kuishia kwenye neno hilo. "Wewe napasua kuni, sawasawa? Wewe najua soma, sawasawa? Kesho wewe nakuja karakana, sawasawa." Nikaaga kuni bila machozi.

Mwenye karakana hasa alikuwa Fundi Harnam, Kalasinga mnene mwenye kilemba cheupe ambacho hakikuwahi kupata doa la grisi. Hadi leo sijui alifanyaje. Alikitazama cheti changu mbele na nyuma.

"Hiki kinakata chuma?" akauliza.

"Hapana, Fundi."

"Basi weka mbali, kisichafuke. Chukua tupa."

Akanipa kipande cha chuma na kuniambia nikipige tupa mpaka kiwe mraba kamili. Nilipiga tupa hadi nikaanza kuota unga wa chuma. Nikimpelekea, anakiweka juu ya bamba, anachuchumaa, anaangalia mwanga unaopita chini yake. "Naona Nairobi yote hapa chini," anasema. Narudi. "Sasa naona kituo cha reli tu." Narudi tena. Siku aliponiambia "sasa sioni kitu," niliona macho yangu yanalengwalengwa na machozi, na chuma chenyewe kilikuwa kimebaki kidogo kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

Sasa tufike kwenye milango. Draya, ambayo ndiyo mashine ya kukaushia chai, ilikuwa na milango midogo ya chuma ubavuni, na kila mlango ulikuwa na ufito wa chuma uliochomoza kama kidole. Kwenye ufito ndipo kilipovikwa kishikio. Vishikio vya chuma vilikuwa vinaunguza. Vya mbao vilipasuka na kuungua, na chai ikatoka inanukia moshi; mnunuzi wa ng'ambo hataki kunywa mlango. Wachochezi wa moto wa draya walikuwa wakishika kwa vitambaa, kwa majani ya mgomba, kwa kofia zao. Mchochezi mkuu alikuwa arap Koros, mtu wa huko Chebunyo, mrefu, mkavu, asiyecheka kamwe anaposema jambo la kuchekesha. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya malengelenge kama ramani.

Bwana Sawasawa akaagiza presi kuukuu na makopo ya unga wa kahawia. Unga ule uliitwa bakelaiti. Unautia ndani ya kalibu ya chuma, unaweka kalibu kati ya mabamba mawili yaliyopashwa moto kwa mvuke wa boila, unakaza presi kwa gurudumu, unangoja. Unga unalainika, unajaa kila pembe ya kalibu, kisha unakuwa mgumu kama jiwe, na hauyeyuki tena hata ukiupeleka wapi. Katikati ya kalibu kulikuwa na kijiti cha chuma kilichosimama wima, na mahali kijiti kilipokuwa ndipo tundu la kishikio lilipobaki. Mkaza presi alikuwa Ochieng', kijana wa kando ya ziwa mwenye kifua kama pipa, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani akizungusha lile gurudumu, na akifika kwenye kiitikio presi yote inalia.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na desimali, Bwana Sawasawa akaniambia nichore. Lakini akaongeza. "Meneja nasema hii presi ni mchezo. Mvua naanza, majani nakuja mengi, draya nafanya kazi bila kusimama. Kama vishikio tayari, sawasawa. Kama hapana tayari, presi nauzwa chuma chakavu, na wewe narudi kuni. Sawasawa?"

Haikuwa sawasawa hata kidogo. Nilitazama dirishani nikaliona boila limefungua mdomo.

Nilichora kishikio ambacho malaika wangekiona wangekikubali. Upana wake, unene wake, duara lake, tundu lake, hata mviringo wa pembe ambao hakuna mtu angeuona: kila kipimo nikaandika kwa desimali tatu, na chini nikapigia mstari nikaandika, BILA KUZIDI BILA KUPUNGUA. Nilidhani huo ndio ufundi. Kosa langu, na nawaambia kwa sababu nimeona wengi wenu mkilifanya, ni kudhani kwamba kipimo kikali ni kipimo kizuri.

Fundi Harnam akautazama mchoro, akavuta pumzi kupitia ndevu. "Serikali yenyewe haina sheria nyingi hivi kwa watu," akasema. "Wewe umekipa kishikio zote hizi." Lakini akatengeneza kalibu kama nilivyochora. Alikuwa mtu wa kuacha ukuta ukufundishe baada ya yeye kukuonyesha ulipo.

Tukaumba vya kwanza. Kishikio kikatoka kwenye kalibu kinafuka moshi, kimeng'aa, cheusi kahawia kama kahawa ya Mzungu. Nikakimbia nacho kwenye draya nikikirusha kutoka kiganja kimoja hadi kingine, nikakivika kwenye ufito. Kikaingia! Kikateleza kama mguu kwenye gumbuti. Ochieng' akapiga kelele zilizosikika Boito. Tukaumba siku nzima, tukajaza sanduku la chai.

Asubuhi yake nikachukua kishikio kutoka sandukuni kwa madaha, nikakipeleka kwenye ufito. Hakikuingia. Nikachukua kingine. Hakikuingia. Nikafikia chini ya sanduku, nikapindua sanduku, nikapiga magoti katikati ya vishikio kama mtu aliyepoteza sarafu sokoni. Hata kimoja.

"Ufito umenenepa," akasema Ochieng'.

"Ufito wa chuma unanenepa kwa kula nini?"

"Omera, ndugu yangu, mimi nakaza presi tu."

Hapo ndipo Koros aliposogea, mikono nyuma. Akaokota kishikio, akakinusa, akakiweka sikioni kama mtu anayesikiliza tumbo la ndama. Uso wake ulikuwa mkavu kama bamba.

"Ompati," akasema, maana jina langu, Ombati, halikuwahi kutoka mdomoni mwake vinginevyo, "hiki kitu kina kiu."

"Kiu?"

"Huu unga ni kwato. Kwato za ng'ombe wa kwetu, wale waliokufa kwa ukame. Walikuja watu na magari, wakanunua kwato zote. Ulifikiri walipeleka wapi? Ng'ombe akifa na kiu, kwato hazisahau. Zinajikunja. Lazima kipewe kinywaji."

Sasa mtasema, Mzee Ombati, na cheti chako chote? Ndiyo, na cheti changu chote. Shule ya jioni ilinifundisha desimali, haikunifundisha kwato. Na mtu aliyekuwa akiniambia alikuwa mtoto wa wafugaji tangu babu wa babu. Nani alijua kwato kama si yeye?

Nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Havikuingia. Nikarudi kwa Koros.

"Maji!" akasema, kama nimemtusi. "Umewapa maji ya mto huu? Ng'ombe wa Chebunyo hawajui haya maji ya baridi. Wape kitu cha moto. Wape chai."

Mnajua nyinyi, na sisi tulijua zaidi, kwamba wakati ule chai ilikuwa kila mahali pale kiwandani isipokuwa kwenye vikombe vyetu. Tulitembea juu yake, tulipiga chafya kwa vumbi lake, nguo zetu zilinukia chai hata Jumapili kanisani, lakini kuichemsha na kuinywa kulihitaji ruhusa. Nikamwendea Bwana Sawasawa nikamwambia nahitaji vumbi la chai kwa kazi ya kuumba. Akaniuliza kama ni jambo la ufundi. Nikamwambia ni la ufundi mkubwa. "Sawasawa," akasema.

Nikachemsha ndoo nzima, nikatumbukiza vishikio vikiwa vimefungwa kwenye kikapu cha waya, nikavitoa vikiwa vya moto, nikavijaribu kwenye ufito. Vikaingia! Si vyote, lakini vingi, na vile vikaidi viliingia kwa nyundo ya mbao na maneno makali. Niambieni, baada ya hapo ungemwambia nini mtu kama mimi? Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kimekunywa, kimenenepa, kimeingia.

Koros akaja kukagua. Akatazama ndani ya ndoo akatikisa kichwa kwa huzuni. "Chai ya rangi," akasema. "Ompati, ng'ombe hajui maziwa?"

Nikatia maziwa.

Vishikio vikavikwa kwenye milango yote ya draya, na usiku vikapoa pale pale. Asubuhi Bwana Sawasawa akamwalika meneja aje aone draya ikiwashwa. Meneja alikuwa mtu mfupi mwenye suruali fupi na soksi ndefu, asiyesema sana. Tukasimama mstari. Koros akachochea moto, joto likapanda. Nikatabasamu.

Kishikio cha kwanza kilipasuka kwa mlio wa bunduki. Ochieng', ambaye alikuwa na mjomba aliyekwenda vitani, akalala kifudifudi papo hapo. Cha pili kikafuata. Kisha vikaanza kupasuka vyote mfululizo, pa, pa, pa, kama mahindi kwenye kikaango, na vipande vikaruka hadi kwenye kofia ya meneja. Moshi ulipotulia, meneja alichukua kipande kilichokwama kwenye soksi yake, akakitazama, akampa Bwana Sawasawa, akaondoka. Bwana Sawasawa akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifungua mdomo na lile neno lake halikutoka.

"Wiki moja," akasema. "Halafu kuni."

Nilikaa nyuma ya karakana juu ya rundo la vishikio vilivyokataliwa. Hilo rundo sijawasimulia. Kumbe kabla hata ya ule mlipuko nilikuwa nimekataa vishikio vingi kuliko nilivyokubali, kwa sababu nilivipima kwa mikromita kila upande, na kimoja kikizidi upana kwa unywele tu, nakitupa. Rundo lilikuwa refu kuliko nyumba yangu. Fundi Harnam akaja akasimama mbele yangu.

"Hiki kina ubaya gani?" akauliza, akiokota kimoja.

"Kimezidi unene, Fundi. Kiasi cha unywele."

"Unywele wa nani?"

"Unywele tu."

"Ng'oa, nione."

Nikatazama ndevu zake. Akanitazama kwa namna iliyonikumbusha kwamba zile ndevu ni za Mungu, si za kupimia. Nikang'oa wa kwangu. Akauweka kwenye mikromita, akaniambia nisome. Kisha akaniambia nimwite Koros.

"Koros, shika hiki. Sasa shika hiki. Kipi kinene?"

Koros akashika, akapima kwa kiganja, akafikiri. "Vyote ni vishikio," akasema.

"Umesikia?" Harnam akanigeukia. "Katika kiwanda hiki kuna mkono gani uliochongwa kwa mikromita? Huku nje ni mahali pa mkono. Mkono unasamehe. Wewe umempa kazi Ochieng' avunje mgongo kwa ajili ya kitu ambacho mkono hauoni."

Akaniongoza hadi kwenye draya, akaniambia nimwonyeshe kwa kidole kila mahali kishikio kinapogusa kitu kingine. Nilifikiri ni sehemu nyingi. Ndugu zangu, zilikuwa tatu. Kinagusa ufito kwa ndani ya tundu. Kinagusa mlango kwa uso wa chini. Kinagusa mkono kwa nje.

"Kila kipimo kinaomba ruhusa," akasema. "Ruhusa ya kukosea. Wewe umewanyima wote, basi wote wametoroka kazi. Mpe huyu wa mkono ruhusa kubwa, aende hata kwao akarudi. Huyu wa mlango, ruhusa ya kiasi. Akae bapa tu asiyumbe. Huyu wa tundu ndiye wa kufunga. Na hata yeye usimnyime kabisa. Mpe ruhusa ndogo, lakini upande mmoja tu: apanuke kidogo, asipungue hata kidogo."

"Akipanuka si atalegea, Fundi?"

"Pini itamshika." Akanionyesha jinsi tutakavyotoboa ubavu na kupitisha pini ndogo ya chuma kupitia kishikio na ufito. "Wewe ulitaka tundu lishike ufito kwa nguvu. Hiki kitu hakipendi kushika kwa nguvu. Ukikibana, kinapasuka. Umeona mwenyewe. Umesikia pia."

Nikamwuliza basi tuongeze tundu kwa kiasi gani. Hakunijibu kwa desimali. Alinipa chuma kipya cha kutengeneza kijiti cha katikati ya kalibu, akaniambia nikifanye kinene kuliko ninavyodhani kinafaa. Nikaogopa. Nikasema, tuanze na chembamba, tupande polepole.

"Tupa yako inaongeza chuma?" akauliza.

"Hapana."

"Basi anza nene. Tundu likiwa kubwa mno, utapiga tupa kijiti. Ukianza nyembamba, utafanya nini? Utakimwagilia?"

Jambo hilo, vijana, liandikeni mahali mtakapoliona kila asubuhi. Nimefanya makalibu mengi tangu siku ile, ya vishikio, ya vifuniko, ya vipete, na kila mara nimejiuliza kwanza: nikikosea hapa, nitakuwa na chuma cha kuondoa, au nitabaki nikitamani kukirudisha?

Kitu cha pili alichonipa kilikuwa geji. Aliitengeneza mwenyewe mchana mmoja: fimbo fupi ya chuma yenye ncha mbili, moja nyembamba kidogo, nyingine nene kidogo. Kwenye ncha nyembamba akachora INGIA, kwenye nene akachora USIINGIE. Ncha ya kwanza ikiingia kwenye tundu na ya pili ikikataa, kishikio ni kizuri, na mikromita ibaki kwenye kasha lake ipumzike. Karakana nzima ikaipenda. Mpishi akija na maharagwe mabichi, anaambiwa "usiingie." Mchumba wa Ochieng' alipokuja kutoka ziwani kumtembelea, tulimwonyesha ncha ya kwanza akacheka, bila kujua anachekea nini.

Na agizo la tatu: "Usipime leo. Pima kesho."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa nini ni ya mwalimu wako. Mimi nakwambia lini."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nami sikusisitiza, kwa sababu ile "kwa nini" nilikuwa nayo tayari. Kikilala usiku, kiu yake yote inatoka nje, unakipima kikiwa na kiu kamili, kisha unakinywesha kabla ya kukivika. Ilinikaa kichwani vizuri kuliko desimali.

Kwa hiyo sikuacha ndoo. Ningeachaje, na boila linanitazama? Nilichemsha chai ya maziwa kila jioni, nikatumbukiza kikapu cha waya, nikafunika. Na sasa ushahidi ukawa mkubwa zaidi: asubuhi nikifunua ndoo, chai ilikuwa imepungua! Jioni imejaa hadi ukingoni, asubuhi imeshuka karibu nusu. Nilimwita Ochieng' aone. Akavua kofia.

"Omera," akasema, "hivi vitu vinakunywa kushinda sisi."

Koros akatazama, akaguna, akasema ng'ombe wa kwao walipenda na sukari kidogo. Ochieng' akaleta ya kwao. Siku moja Fundi Harnam alipita karibu na ndoo, akasimama, akachovya kidole, akalamba. Nikangoja atukane. "Nani anaipikia mashine chai bila iliki?" akauliza, na Jumatatu akaja na iliki kutoka kwenye duka la binamu yake mjini Kericho. Nilipoona fundi mkuu mwenyewe ameleta iliki, imani yangu ikafunga kama kalibu.

Mvua zikaanza. Mnajua jinsi majani yanavyokuja baada ya mvua hizo. Magunia yakapangwa hadi nje, orofa ya kunyausha ikajaa kama kanisa siku ya Krismasi. Vishikio vipya vilikuwa tayari. Nilikuwa nimepiga tupa kile kijiti kinene mara mbili, kila mara kidogo, nikaumba, nikangoja kesho, nikajaribu geji. INGIA ikaingia. USIINGIE ikakataa. Na kwa nje sikupima kabisa. Vingine vilikuwa vinene kidogo, vingine vyembamba kidogo, kimoja kilikuwa na kovu. Kile chenye kovu nilikipitisha kama mtu anayetia saini hukumu yake.

Meneja akaja tena, na safari hii alisimama mbali, nyuma ya nguzo. Bwana Sawasawa alikuwa akitafuna kiko chake bila tumbaku. Koros akachochea. Joto likapanda mpaka pale lilipofikia mara ile. Ochieng' akaanza kuinama taratibu. Likapanda zaidi. Nilifumba macho, nikasikia boila, nikasikia mvua juu ya mabati, nikasikia moyo wangu, ambao siku ile ulikuwa na kelele kuliko rola za kusokotea majani.

Hakuna kilicholia.

Nikafumbua macho. Koros alikuwa amekwisha kuushika mlango wa kwanza kwa mkono mtupu, bila kitambaa, bila jani, bila kofia. Akaufungua. Akaufunga. Akakaa ameshika kishikio, haachii, hadi nikaogopa kwamba amegandia.

"Koros! Vipi?"

Akageuka polepole. Macho yake yalikuwa na maji, na si ya moshi. "Ompati," akasema, "naweza kukishika." Kisha, kwa kuwa alikuwa Koros, akaongeza: "Kina kovu. Kama mimi."

Meneja akatoka nyuma ya nguzo, akashika mlango mmoja, akashika wa pili, akatikisa kichwa juu na chini mara moja, akaenda zake. Bwana Sawasawa akanipiga bega hadi nikayumba. Neno lake lilikuwa limerudi. Alilisema mara nyingi hivi kwamba sikuweza kuhesabu, na mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha hesabu.

Sikurudi kwenye kuni. Yaliyofuata mnayajua, mengine mmeyakuta. Fundi Harnam alistaafu akarudi kwao na kilemba chake cheupe, akaniachia geji. Bwana Sawasawa alikwenda, wakaja wengine. Ochieng' alimwoa yule mchumba. Unga wa kahawia ulifuatwa na aina nyingine za plastiki, nzuri zaidi na kaidi zaidi, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kunywea, nami kila moja nikaiwekea ndoo yake ya chai. Kwa wale waliokuwa wakijiuliza kwa nini karakana ya kiwanda chetu ndiyo pekee nchini yenye ndoo ya chai ya maziwa chini ya presi, basi ndiyo hiyo sababu.

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kamba na mkaniomba niseme machache. Nilisema mengi. Nilieleza ruhusa tatu, kijiti kinene, geji na kupima kesho. Halafu nikafika kwenye kwato za Chebunyo, nikaona mnatazamana. Arap Koros alikuwa ameketi mbele, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti, ameletwa na mwanawe. Aliniacha nimalize. Kisha akainuka kwa shida, akanishika mkono kwa kile kiganja chake chenye makovu, akasema taratibu, bila kucheka, mbele yenu wote:

"Ompati, ndugu yangu, hakukuwa na kwato. Ule unga ulikuwa mbao iliyosagwa na lami. Kalasinga aliniambia siku ile ile ya kwanza. Vilinywea kwa sababu vilipoa, basi. Chai tulikuwa tunakunywa mimi na yeye."